Koti la Rangi ya Maji ya Mchele

Asubuhi ile Tokie mwenyewe ndiye aliyempandisha mumewe zipu, akaifikisha kidevuni, kama anayemvalisha mtoto wa chekechea. Koti lilikuwa jekundu, jekundu la kuumiza macho, na lilikuwa bado linanukia duka. Yasunobu alisimama pale mlangoni mikono kaitanua, miaka hamsini na tisa yote hiyo, akisubiri kuruhusiwa kwenda mlimani kuteleza kwenye theluji.

"Linanibana kwapani, mama Minori."

"Litaachia ukilivaa. Shida yako huvai."

"Na linapiga kelele. Hebu sikia." Akatikisa mkono, koti likalia chwa-chwa-chwa.

"Lipige tu, nijue pesa yetu iko wapi. Haya, nenda, usije ukachelewa kurudi."

Akaenda. Skii begani, chwa-chwa-chwa mpaka kwenye gari, na Tokie akarudi ndani ameridhika.

Ana haki ya kuridhika, jamani, msimwonee. Mwanamke yule alikuwa ameteseka na makoti. Kila mwaka majani yakianza tu kugeuka rangi, kabla hata theluji haijafikiria kushuka, maduka ya mjini hutundika nguo mpya za theluji dirishani, na Yasunobu huanza kuwashwa miguu. "Naenda kuangalia tu," husema. Kuangalia gani huko kunakorudi na mfuko? Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Siku ya kwanza atalivaa mbele ya kioo, ageuke hivi, ageuke vile, apekue mifuko. Kisha atalitundika kabatini na karatasi yake ya bei ikining'inia. Ukimuuliza, anasema analitunza. Analitunzia nini, hilo hajapata kulijibu. Kuna la kijani, la machungwa, la zambarau lenye manyoya shingoni, kuna suruali ambazo hazijui hata theluji inafananaje, na glavu ambazo bado zimeshonwa pamoja kama zilivyotoka kiwandani. Kimono alizoachiwa Tokie na mama yake zikahamia kwenye maboksi chini ya ngazi, kwa sababu kabati lilikuwa limejaa.

Na wakati wote huo, kuanzia theluji ya kwanza mpaka ya mwisho, bwana alikuwa anavaa koti moja tu. Alilinunua kabla hawajaoana. Enzi zake lilikuwa la buluu ya mbingu. Jua na maji vikalila, mpaka likawa na rangi ya maji ya kuoshea mchele, si jeupe, si kijivu, rangi ya aibu. Viwiko alivitia viraka Tokie mwenyewe wakati Minori angali tumboni. Zipu yake nayo aliibadilisha yeye, akaikosea kidogo, na tangu siku hiyo ikawa na ukaidi wake.

Mwaka juzi uvumilivu ukamwishia. Akaweka sheria: lile kuukuu liende kwenye taka za kuchomwa, na hayo mapya yavaliwe kwa zamu, moja baada ya jingine, la sivyo atayauza yote kwa bei ya kutupa. Akalishindilia kwenye mfuko kwa mikono yake, akaufunga fundo, akamkabidhi mumewe aupeleke kwenye kituo cha taka. Maana pale nyumbani mpeleka taka ni Yasunobu. Tangu siku hiyo mtu akatii, akavaa vipya bila kunung'unika sana, mpaka Tokie akawa anatamba kwa majirani kwamba mume hufunzika, mradi usimchekee.

Sasa siku ile ya koti jekundu, saa saba mchana, simu ikalia. Alikuwa Sumiko, shoga yake, mwenye mgahawa wa tambi pale chini ya viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani.

"Mumeo yuko huko?"

"Hayupo. Kwani?"

"Asubuhi alipita akaagiza tambi zake, akasema saa sita anakuja. Nimeziandaa, zimelala, zimekuwa uji."

"Labda kakutana na wenzake."

"Yasunobu? Aache chakula alichoagiza? Tokie, mimi nakuambia wewe mkewe."

Tokie akampigia mumewe. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu huku amesimama, kisha akawapigia watu wa doria ya mlimani.

Mkuu wa doria aliitwa Kusakabe, mgeni aliyekuja msimu ule ule, mpole mpaka anakera. Akauliza umri, akauliza kama mtu ana ugonjwa wa moyo, kisha akauliza amevaa nini.

"Koti jekundu. Jipya. Huwezi kulikosa hata ukiwa kipofu."

"Una hakika, mama? Naomba radhi kukuuliza tena. Nikishawapa watu wangu rangi, macho yao yatatafuta rangi hiyo tu."

"Bwana Kusakabe, zipu nimeifunga mimi. Kama kuna kitu nakijua hapa duniani, ni mume wangu kavaa nini."

"Asante sana, mama. Jekundu."

Basi hapo ndipo miguu yake ilipokosa mahali pa kukaa. Alikunja nguo, akazikunjua. Akachemsha chai, akaisahau. Akatoka na koleo kusukuma theluji mlangoni, mahali alipokwisha kusukuma asubuhi, akasukuma mpaka akafika kwenye changarawe. Theluji nyingine ilikuwa imeanza kushuka, nyembamba, ya upande. Akarudi ndani, akafungua kabati la Yasunobu, akayapekua makoti moja moja: kijani lipo, machungwa lipo, zambarau lipo. Jekundu halipo. Moyo ukatulia kidogo. Jekundu linaonekana, akajiambia, hata kwenye theluji inayoanguka linaonekana. Alijisifu, masikini, pale pale mbele ya kabati, kwa kumchagulia rangi. Kisha akachukua funguo za kigari chake akaelekea mlimani.

Kibanda cha doria kilikuwa na joto la hita na harufu ya soksi. Redio koli zilikuwa zinasema zote kwa pamoja.

"Nina mwekundu hapa, karibu na kiti cha juu."

"Muulize jina," akasema Kusakabe.

"Ni mwanamke, mkuu. Anasema ameshasimamishwa mara mbili, anataka kujua amekosa nini."

"Mwombe radhi."

"Mwekundu mwingine hapa. Ah, ni mtoto."

Kila mwenye koti jekundu mlimani kule siku ile aliulizwa jina lake, na walikuwa wengi, maana nyekundu ilikuwa ndiyo fasheni ya mwaka. Tokie alikaa ukingoni mwa benchi, akainuka, akakaa tena. Akatazama dirishani. Viti vya waya vilikuwa vinapanda vitupu na kushuka vitupu.

"Huku bonde la kijito hakuna mtu," redio ikasema. "Nimetazama kwa darubini kutoka juu. Kuna turubai kuukuu tu limenasa kwenye kichaka, linapepea. Narudi juu."

"Sawa. Nenda upande wa mashariki," akasema Kusakabe, akaitazama saa ya ukutani. Giza lingeingia upesi na wote mle ndani walilijua hilo.

Tokie hakuweza tena kukaa. Akavuka njia mpaka kwa Sumiko. Mgahawa ulikuwa karibu mtupu, na bakuli la Yasunobu lilikuwa bado liko pale kwenye kona yake, limefunikwa sahani.

"Wanamtafuta," Tokie akasema. "Wanamkamata kila mwenye koti jekundu, na hakuna hata mmoja aliye yeye. Mtu mzima na koti jekundu vile anapoteaje?"

Sumiko alikuwa anafuta meza. Mkono ukasimama.

"Koti gani jekundu?"

"Lake. Jipya. Alilotoka nalo leo."

Sumiko akageukia sufuria yake akaanza kukoroga, na ndani ya sufuria hakukuwa na kitu cha kukorogwa.

"Sumiko."

"Niliapa, shoga. Alinikalisha hapa nikaapa."

"Sumiko, mume wangu yuko nje kwenye theluji! Kakile kiapo chako na chumvi!"

"Nenda kaangalie gari lake," Sumiko akasema. "Nilidhani unajua. Sote tunajua. Nilidhani unajifanya tu hujui."

Gari lilikuwa mwisho wa maegesho, limeshapata godoro la theluji juu. Tokie akafuta kioo cha nyuma kwa kiganja. Koti jekundu lilikuwa kwenye kiti, limekunjwa vizuri, mikono imelazwa juu ya kifua kama Yasunobu anavyokunja kitu anachokiheshimu. Kando yake palikuwa na mfuko wa taka uliochanwa ubavuni, fundo bado limekaza. Fundo lile alilijua, lilikuwa lake. Akabonyeza simu yake kumpigia mumewe, na mfuko wa koti jekundu ukawaka taa na kuanza kuita.

Miaka miwili. Miaka miwili anamfunga zipu mlangoni, na huyu anakuja huku kujibadilisha garini kama mwizi. Hasira ilimpanda mpaka kooni, na kabla haijatoka mdomoni ikageuka hofu. Kwa sababu alikumbuka kile kitu kinachopepea kwenye kichaka.

Alikimbia. Hajakimbia hivyo tangu Minori alipokuwa mdogo. Alianguka mara moja kwenye maegesho, akainuka, akausukuma mlango wa doria kwa bega.

"Si turubai!" alipiga kelele. "Lile si turubai, ni mume wangu!"

Kusakabe akamtazama.

"Amevaa kuukuu. La rangi ya maji ya mchele. Nimewadanganya. Sikujua, lakini nimewadanganya. Mrudisheni yule mtu bondeni, baba, nakuomba, mrudisheni!"

Kusakabe hakuuliza tena kama ana hakika. Alikuwa ameshashika redio.

Walimleta kibandani mwanga ukiwa unakatika, amefungwa kwenye machela ya kuburuta, theluji kwenye nyusi, midomo imekuwa ya bluu. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Alikuwa ameteleza ukingoni akaangukia kijitoni, akajiburuta mpaka kwenye kile kichaka. Koti lilikuwa limelowa na kuganda. Mmoja wa doria akashika zipu, akavuta, wapi. Akavuta kwa nguvu zaidi. Akaomba mkasi.

Yasunobu akafumbua macho. "Msilikate," akasema, kwa sauti ambayo karibu haikuwepo.

"Baba, lazima likatwe, umelowa..."

"Pisha," Tokie akasema.

Akapiga magoti. Akabana kitambaa upande wa kushoto kwa kidole gumba, akaisukuma zipu juu kidogo kwanza, kisha akaishusha. Ikateremka yote kwa mkupuo mmoja. Vidole havikuwa vimesahau.

"Mama Minori," Yasunobu akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Nilikuambia nimelitupa."

"Nyamaza. Usiseme kitu."

"Nilimwona mmoja wao kule juu. Nilimpungia mkono. Akanitazama hasa, na darubini yake, akanitazama... kisha akageuka akaenda zake." Akameza mate. "Nikafikiri labda nimeshakufa."

Tokie aliendelea kumvua koti, mkono mmoja, kisha wa pili, na machozi yakawa yanamdondokea mumewe kifuani na yeye hayafuti. Alijua mtu yule kule juu aligeuka kwa nini. Aligeuka kwa sababu mke wa mtu alisema kwa mdomo wake mpana kwamba anajua.

Yasunobu alitoka hospitali na mguu umefungwa plasta ngumu mpaka pajani. Wakamlaza sebuleni, nusu ya mwili chini ya meza fupi yenye hita na blanketi la kufunikia miguu. Siku mbili nzima walizungumza habari za hali ya hewa tu. Siku ya tatu Tokie akaja akaketi mbele yake na vitu vitatu: koti kuukuu, limefuliwa na kukauka, koti jekundu, na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa.

Yasunobu akautazama mkasi, akalitazama koti lake la zamani, akafumba macho.

"Sawa," akasema. "Nastahili. Kata."

Mkasi ukalia. Akafumbua jicho moja, kisha yote mawili, akataka kuinuka na plasta yake.

"Wewe! Hilo ni jipya! Mama Minori, una wazimu? Hilo hata sijalivaa!"

"Umelivaa," Tokie akasema bila kuinua uso. Alikuwa anakata mgongo wa koti jekundu, kipande kipana, cha mraba, kutoka bega mpaka bega. "Umenivalia mimi. Pale mlangoni."

Tokie akakitandaza kile kipande chekundu juu ya mgongo wa koti la rangi ya maji ya mchele, akakipapasa kikakaa sawa, akatia pini nne mdomoni.

"Geuka," akasema kwa meno yaliyobana pini. "Nipime."