Friji ya Wodi ya Wanawake

Fundi cherehani alikuwa amekaa wodini akipinda gauni la wifi yake mgonjwa, pini zote kibwetani zilipomrukia mkononi. Alizibandua, akaendelea kupinda. Tangu apone, vyuma vilimpenda.

Dawa iliyomponya ilikuwa ya majaribio: vumbi la chuma lisiloonekana kwa macho, limebeba dawa tumboni. Daktari aliliongoza kwa sumaku mpaka kwenye uvimbe, na huko uchachu wa uvimbe wenyewe ukalifungua. Uvimbe ukanywea. Wifi aliugua uvimbe uleule, ila zamu yake ilipofika, mkurugenzi wa hospitali alitangaza kwamba majaribio yamefungwa. Dawa iliyobaki ilitiwa kwenye friji ofisini mwake, ingoje hospitali ya wenye nazo.

"Si ipo hapo, mzee?" fundi alimuuliza.

"Ipo, mama. Lakini si yenu."

Fundi hakubishana. Alirudi akaketi kando ya wifi. "Siondoki," alisema, "na huyo mkurugenzi tutaonana naye."

Mchana friji ilitoka ofisini, ikapita koridoni ikikwaruza sakafu, ikasimama ubavuni mwa fundi. Wauguzi waliipisha. Mmoja alichomeka waya wake ukutani, dawa isiharibike. Ndani, chupa zote zilikuwa zimeegemea upande wa fundi.

Mkurugenzi alileta wanaume wakairudisha. Jioni ikaja tena. Wakaifunga kwa minyororo. Ikaja na minyororo yake. Mwishowe aliiacha, kwani kufuli ya mlango wake ilikuwa ya tarakimu, na tarakimu hazivutwi na sumaku.

"Jirani yangu anakoroma kama kaka yako," wifi alilalamika, akiitazama friji.

"Mzoee. Huyu angalau haombi chai."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Kila asubuhi fundi alimwambia mkurugenzi, "Fungua," naye kila asubuhi alijibu kwamba hana ruhusa. Wifi alifariki siku ya Ijumaa, mkono wake ukiwa juu ya mlango wa friji.

Baada ya maziko fundi alirejea wodini. Kitandani palikuwa na mwanamke mwingine, mwenye uvimbe uleule, ameanika kanga yake juu ya friji.

Mkurugenzi alisimama mlangoni. "Mama, mgonjwa wako hayupo tena. Unangoja nini?"

"Fungua."

"Nimeshasema sina ruhusa."

"Haya," fundi alisema. Akamgeukia yule mwanamke, akamwinulia mto. "Shikamoo, dada. Nisogezee miguu kidogo, nipate pa kukaa."