Vijiko Juu ya Meza

Kengele za wodi ya saratani zilikufa zamani, kwa hiyo mgonjwa aliyetaka kuhudumiwa aligonga kikombe kwa kijiko. Asubuhi hiyo muuguzi alikuwa peke yake. Alikuwa akitafuta mshipa kwenye mkono uliochomwa sindano hadi ukawa mgumu, na nyuma yake mgonjwa wa kitanda cha dirishani, waliyemwita Bibi wa Dirishani, alikuwa akigonga.

"Sista, kichefuchefu kinanipanda."

"Nakuja, bibi."

Ngo, ngo, ngo.

Aliiweka sindano chini, akaenda, akampokonya kijiko. "Kwani unaumwa peke yako humu?"

Wodi nzima iligeuka kutazama. Mkono wa bibi ulibaki hewani, vidole vimekunjwa kama bado vimeshika kitu.

Kabla muuguzi hajakirudisha kijiko, Metroni alichungulia mlangoni. "Ukumbini. Semina ya wauguzi, wote."

"Nani anabaki na wagonjwa?"

"Mfagizi yupo. Na wewe ndiye ukae mbele kabisa. Umekaa kama nguo iliyosahauliwa kambani."

Ukumbini alimkuta yule mfagizi akipanga viti.

"Fumbeni macho," alisema mkufunzi kwa sauti laini. "Weka mkono kifuani. Jiambie: nami nastahili huruma."

Mkono wa muuguzi ulikutana na kijiko kwenye mfuko wa sare. Kilikuwa kimeshika joto la mwili wake. Uso ulimwaka. Alifumbua macho, akamwinamia Metroni.

"Mama, naomba nirudi wodini mara moja. Nina kitu cha mtu."

"Kaa. Wageni waliofadhili semina watataka picha."

"Narudi sasa hivi."

"Wodi ya saratani ni wewe. Ukitoka, nitawaonyesha nani?"

Akakaa. Picha ilipopigwa aliambiwa atabasamu, akatabasamu.

Aliporudi, wodi ilikuwa kimya. Bibi wa Dirishani alikuwa amelala ubavu, shuka limelowa matapishi, mengine yamemkaukia shavuni.

"Mbona hukuita, bibi?"

"Nimwite nani? Wewe una kazi nyingi, mwanangu."

Jirani yake, Mcheshi, ambaye siku zote alikuwa na utani wa kumpa, aligeukia ukutani.

Muuguzi alitoa kijiko. "Chukua, bibi. Asubuhi nime..." Alikisogeza karibu na mkono wake. "Chukua tu."

Bibi aliificha mikono chini ya shuka. "Kaa nacho wewe. Nisije nikajisahau tena."

Muuguzi aligeuka kwenda mezani kwake kuchukua kitambaa, akasimama. Vijiko vya wodi nzima vilikuwa pale, vimeoshwa, vimelazwa kimoja kando ya kingine. Hakuna aliyemtazama.

Metroni alitokea mlangoni na wageni wake. Alinyanyua kidole, wakasikiliza.

"Mnaona?" aliwanong'oneza. "Semina moja tu, na wodi imetulia."

Akaufunga mlango taratibu, asiwasumbue wagonjwa.