Honi ya Kona ya Nne

Harufu ya plastiki iliyoungua ilimkuta Yustina ameinama mtoni, anamalizia kuosha karoti. Akainua kichwa. Juu ya ukingo, mwanawe Ernest alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, kiti amekifungua, nyaya zinaning'inia nje kama utumbo wa kuku.

“Imekufa tena?”

“Haijafa, mama. Fyuzi tu.”

Yustina akapanda, mikono inachuruzika maji. Akafungua fundo la khanga, akatoa fyuzi mpya, ndogo, ya bluu. Juzi alipoteremka mjini alipewa na Godfrey, fundi wa umeme wa pikipiki kule Mafiga, pamoja na onyo: “Mama, hii ikiungua usinifuate kuomba nyingine. Niletee pikipiki yenyewe. Fyuzi haiungui bure. Kuna waya umechubuka, unagusa chuma. Fyuzi inakufa ili pikipiki isiwake moto.”

Ernest akaichomeka. Taa ikawaka, honi ikalia. Akageuza usukani kushoto, kikasikika kitu kama punje ya mahindi inayopasuka kikaangoni. Taa ikazimika.

“Umeona?” Yustina akasema. “Ni hapo shingoni. Ukikata kona waya unabanwa.”

“Siku hizi mama umekuwa fundi.”

“Mpelekee Godfrey aifungue yote.”

“Nitampelekea kesho. Gari la mnunuzi linaondoka Mzumbe saa kumi na moja, na karoti umeshaziosha.”

Hapo Ernest alimshika mama yake. Karoti ya udongoni inasubiri hata wiki. Ikishaoshwa haina kesho. Asubuhi utaikuta imeota weusi, na mnunuzi haigusi. Magunia mawili, jasho la miezi mitatu, na yeye ndiye aliyeyawahisha mtoni kabla ya kuuliza kama pikipiki ni nzima.

Ernest akatoa pakiti ya sigara, akachana ile karatasi ya ndani inayong'aa. Yustina aliijua kazi yake. Mwezi uliopita, mvua imewakamata njiani, ni yeye aliyeikunja kwa vidole vyake mwenyewe, akaizungushia fyuzi iliyokufa. Pikipiki ikawaka. Walicheka mpaka wakafika nyumbani.

“Hii haiungui,” Ernest akasema, akiizungushia fyuzi na kuirudisha mahali pake.

“Ndicho ninachokiogopa.”

Akageuza usukani kushoto, kulia. Taa ikapepesa, ikabaki inawaka. Yustina akapenyeza mkono chini ya tangi, akashika nyaya zilizofungwa pamoja. Zilikuwa za moto kama shavu la mtoto mwenye homa.

“Shika uone.”

“Mama, jua limezipiga.”

Jua lilikuwa limeondoka tangu saa nane. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, umeshameza migomba ya chini.

Alipomaliza kufunga magunia kwa mpira, Ernest akapapasa mifuko, akatazama huku na huku. Ufunguo ulikuwa mkononi kwa mama yake. Hata yeye hakujua aliuchomoa saa ngapi. Mto ulikuwa hatua tatu nyuma yake, na maji yalikuwa mengi.

“Mama.”

Akaufuta kwa khanga, akampa.

“Nitapiga honi kila kona,” Ernest akasema. “Utanisikia. Usikae na uso huo, utatisha wateja.”

Barabara ya kushuka mlima ni nyembamba. Anayeshuka hupiga honi mbili fupi kabla ya kila kona, ili lori linalopanda lisimame, na kina mama wa mlima ule huwajua watoto wao kwa honi. Mpaka daraja la chini bondeni ni kona saba.

Yustina alisimama ukingoni. Kona ya kwanza, mbili fupi. Ya pili. Ya tatu ilikawia, kisha ikalia.

Ya nne ikaanza, haikukoma. Ililia mfululizo, kama mtu ameegemea kitufe na hataki kutoka. Judith, jirani, akanyanyuka katikati ya kabichi zake, jembe mkononi.

“Mama Ernest, leo kijana wako ana furaha gani?”

Yustina alikuwa anaziwaza nyaya zile za moto, zimeyeyuka na kugusana. Honi ikaanza kukonda, ikawa kama ya mbu, ikakatika. Mahali pake ikabaki sauti ya lori linalopanda kwa gia nzito. Nalo likanyamaza.

Alingoja ya tano. Alingoja mpaka Judith naye akaacha jembe.

Kisha akavua kandambili, akaanza kushuka. Kona ya kwanza, alama ya tairi ilikuwa safi kwenye tope. Ya pili pia. Alipoipita ya tatu, katikati ya barabara palikuwa na karoti moja, imeoshwa vizuri, haijashika hata tope. Akaiokota. Akaifunga kwenye lile fundo la khanga lililokuwa na fyuzi, akaendelea kuteremka, na ukungu ukaanza kunuka plastiki iliyoungua.