Moyo na Ini kwa Mtu Mmoja

Mimi nina mdomo, najijua. Mume wangu husema Mungu alipokuwa anagawa breki, mimi nilikuwa msalani. Kwa hiyo sisingizii uchovu; niliyoyasema kwenye korido ya hospitali niliyasema na akili zangu timamu.

Tuliitwa saa mbili asubuhi. Ini la mume wangu lilikuwa limekwisha kwa homa ya ini, macho manjano, tumbo limejaa maji. Daktari alishatuambia bila kuzunguka: wiki tatu, labda nne. Kufika saa tatu alikuwa ameogeshwa na kuvalishwa gauni la wagonjwa, lile la kuacha mgongo wazi, amelazwa koridoni akisubiri, na mimi nimemshikia suruali yake. Ndipo daktari mpasuaji akaja.

"Mama, kuna aliyefariki leo, familia yake imetupatia moyo na ini. Vyote viwili vinakwenda kwa mgonjwa mmoja, kwa sababu..."

Sikumwacha amalize. "Mtu mmoja, viwili? Wangu anaomba kimoja anakosa, mwenzake anapakuliwa na kuongezewa? Huyo si mgonjwa, huyo ni mlafi."

"Mlafi mwenyewe ni mimi," ilisema sauti nyuma yangu.

Kwenye kitanda cha magurudumu, kando ya ukuta, alilala mwanamke wa miaka arobaini hivi, midomo imemgeuka zambarau. Mwalimu wa hesabu, nilikuja kujua baadaye. Ardhi ingepasuka ningeingia na ile suruali mkononi.

Daktari akamalizia alichokianza. Ini la mwalimu lilikuwa linafanya kazi zake zote vizuri, ila tangu azaliwe lilitengeneza protini mbovu iliyoganda kwenye moyo kidogo kidogo mpaka moyo ukakakamaa. Akibadilishiwa moyo peke yake, ini litauharibu na huo mpya. Lakini ini hilohilo likitolewa lingeweza kumfaa mtu wa umri wa mume wangu, aliyefikisha sitini na mbili, maana madhara yake huchukua miaka kumi, hata ishirini, kuonekana. Ndiyo sababu tuliitwa. Tatizo ni moja tu: mwalimu alikuwa bado hajakubali kulitoa.

Nikamtazama mume wangu. "Wiki tatu, au miaka kumi," alisema. "Mimi ni nani nikatae?"

Daktari akataka kunizuia nisimsogelee mwalimu. Mwalimu akasema aniache.

"Nisamehe, dada. Mdomo umeponza kichwa."

"Yamekwisha. Wanafunzi wangu huniita vibaya zaidi ya hapo."

"Sasa mbona hutaki?"

Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu. "Ugonjwa huu ulimchukua mama. Ukamchukua kaka yangu akiwa na miaka arobaini na moja. Leo ndiyo nimepata nafasi ya kulitoa hili ini nyumbani kwetu, nataka likachomwe. Wewe unataka nilipeleke nyumba nyingine. Siku mumeo akianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, si utanilaani?"

Mtu mwenye adabu angesema hapana, dada, siwezi. Nilikuwa naogopa. Miaka thelathini na moja nimeishi na yule mwanamume, na sikujua nitafanya nini siku ya kurudi nyumbani peke yangu. Uongo haukunijia.

"Nitakulaani," nikamwambia. "Asubuhi na jioni nitakulaani, na jina lako nitalitaja. Lakini nitakuwa nakulaani nikiwa na mume. Ukilichoma, mwezi ujao nitakuwa sina."

Mume wangu akafumba macho. Daktari alikuwa anatazama viatu vyake.

 Mwalimu akaomba aletewe fomu ya kukubali kulitoa, na kitanda kiinuliwe kidogo upande wa kichwa apate kuandika. Karatasi ikawa inateleza, nikaweka suruali chini nikamshikia.