Buluu ya Shingo ya Seenoi

Haya, sogeeni karibu, na wewe weka kwanza hiyo simu chini. Nitegulieni hiki: lipo sanduku, matumbo yake yamezungushwa kwenye vijiti viwili. Linazungumza na wewe mpaka lichoke, lakini wewe ukilijibu halikusikii. Ni nini?

Redio? Hapana, redio haina matumbo. Mama mkwe? Nani kasema mama mkwe? Utanipigia magoti wewe. Ni kaseti! Kaseti na mashine yake. Mnacheka kwa sababu hamjaiona ikitoa matumbo yote mchangani, ukakaa unayarudisha kwa kuzungusha penseli.

Mashine ya namna hiyo ndiyo niliyokuwa naifuta vumbi kila asubuhi pale Endulen, miaka ile mpaka wa Kenya umefungwa. Nilikuwa msichana wa Kimbulu kutoka Endamarariek, nimemaliza darasa la saba, nikapata kazi ya kupika kwa daktari mmoja wa mifugo aliyetoka Australia. Yeye mwenyewe nilimwona kwa nadra. Leo yuko Piyaya anachanja ng'ombe, kesho gari limekwama. Niliyeshinda naye ni mkewe, Glenisi. Kwao alikuwa mchoraji, tena mwenye jina, lakini tangu nifike sikumwona ameshika brashi. Rangi zake zilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, nami nikifagia nalisogeza, kisha nalirudisha.

Ukimuuliza anasema, "Nimechoka, Hyasinta."

Asubuhi amechoka, jioni amechoka. Mimi pia nilikuwa nimechoka. Mvua zilikuwa zimetukimbia, maji tunayafuata mbali, unga wa njano wa msaada hauivi upesi. Ila uchovu wangu mimi nilijua umeingilia miguuni. Wake sikujua umeingilia wapi.

Kabla ya kuja huku, alikuwa anazunguka kwao na ile mashine, anawahoji wasanii wenzake, kila mmoja anaeleza anavyofanya kazi yake. Alipohama, wenzake hawakumwacha. Wakawa wanajirekodi wenyewe na kumtumia kaseti kwa posta, zinafika Karatu zimeshachelewa kama wageni wa msibani. Betri zikilegea tunazianika juani juu ya jiwe, maana za dukani hazikuwapo.

Sasa, maziwa tulikuwa tunaletewa na mama mmoja Mmaasai, jina lake Nosim. Tulimwita Ng'oto Seenoi, yaani mama Seenoi, kwa jina la binti yake. Akishamimina maziwa hakuondoka. Alikaa kizingitini, akatoa kazi yake ya shanga, akashona huku mashine inazungumza. Glenisi alitafsiri kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, mimi nikatia Kimaasai changu cha sokoni, hivyo maneno ya Australia yakamfikia Nosim yamechakaa kidogo lakini yako hai.

Siku moja alizungumza mfinyanzi, Dorini. Alisema akitoa vyungu vyake tanurini, vingi anavivunja kwa nyundo, anabakiza vile tu ambavyo moyo umekubali.

"Anavunja vyungu vizima?" Nosim akauliza. "Havivuji?"

"Havivuji."

"Huyo hana mawifi. Angekuwa nao wangemsema mpaka aache."

Mwingine alikuwa Kolini, mchoraji. Miaka na miaka anachora ziwa moja lililokauka. Akimaliza picha anaigeuza iangalie ukuta, anasubiri, maana hajui kama imekwisha au bado.

Nosim akakata uzi kwa meno. "Ziwa limemkosea nini hata asiliache lipumzike? Mwambie mimi kazi ikiisha najua. Shingo ya mvaaji ikiingia, imekwisha."

Glenisi akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, nikaacha sufuria nikaenda kumwangalia.

Lakini kila kaseti ilikuwa na mkia wake. Dorini alimaliza hivi, Kolini hivyo hivyo: "Na wewe, Glenisi, siku hizi unatengeneza nini?" Hapo Glenisi anabonyeza kitufe, tap, mashine inanyamaza.

Nosim aliliona hilo. Akaniambia, "Muulize huyu mama. Wenzake wanamuuliza anatengeneza nini. Mimi hilo silitaki. Mimi hiki namshonea Seenoi. Yeye, zamani kabla hajachoka, alikuwa anamfanyia nani?"

Nikatafsiri. Glenisi akainama, akabonyeza tena kile kitufe ingawa mashine ilishanyamaza.  Nosim akaendelea kushona.

Na alichokuwa akishona ndicho kilichokuwa kinamkosesha usingizi. Seenoi alikuwa anaolewa Piyaya, kwa watu wenye mifugo na maneno. Siku ya kwenda kwa mume, bibi harusi anavaa ukosi mpana wa shanga alioshonewa na mama yake. Ukosi ule ndio unaosema kwa wakwe: huyu ana kwao, msimchezee. Nosim alikuwa na nyekundu, alikuwa na chungwa, nyeupe tele. Buluu ya kushonea hakuwa nayo. Shanga zote zilikuwa zinatoka Nairobi, na mpaka ulipofungwa zikaisha Arusha, zikaisha Karatu. Ukosi ulikaa mapajani mwake una njia tupu inayozunguka, kama kidonda.

"Jaza nyeupe," mimi nikasema.

Akanitazama kama nimetapika. "Wewe Mmbulu, wewe kapike. Nyekundu na chungwa zikikaa pamoja bila buluu kuzikata, zinagombana. Watasema Seenoi katoka kwenye boma la vita."

"Basi omba kwa wenzako. Bomani kwenu wazee wana buluu za zamani."

"Wanazo masikioni na shingoni. Nimwendee mtu nimwambie afumue pambo alilovalishwa na mama yake? Nitaanzia wapi?" Akakunja kazi, akaondoka bila kuaga, ndoo inamgonga goti.

Glenisi alikuwa amesikia na kuelewa kuliko tulivyodhani. Kesho yake Nosim alipokuja, lile sanduku la bati lilikuwa mezani, wazi. Glenisi alikuwa ameminya rangi ya buluu kwenye kisahani changu cha chai, ameshatumbukiza shanga nyeupe chache, anazigeuza kwa njiti ya kiberiti.

Nosim akaichukua moja, akaiinua juani. "Mbingu," akasema. "Hii hii. Mama, hii hii!"

Basi tukafanya kazi wanawake watatu, tunapaka, tunatoboa matundu yaliyoziba, tunaanika kwenye ungo, tunawafukuza kuku. Rangi ile ya mafuta ilichukua siku nyingi kukauka, lakini juu ikakauka, ikang'aa. Glenisi alikuwa mtu mwingine. Alikula. Aliimba vitu vya kwao. Hata mashine akaisahau. Na Nosim alijaza ile njia, akafunga uzi wa mwisho, akaniambia nipige vigelegele. Nikapiga, mimi Mmbulu.

Asubuhi ya harusi tulikwenda bomani. Watu wa bwana harusi walishafika, kiongozi wao mzee Metui, mgeni wa siku nyingi wa boma lile, mrefu, mkavu, anachora chini kwa fimbo. Ndani, Seenoi alikuwa amenyolewa, amekaa kwenye kigoda. Bibi Nanyokie, mke mkubwa wa baba yake, akampaka mafuta ya kondoo kichwani, shingoni, mabegani, mafuta mengi, mpaka anameremeta. Kisha Nosim akamvalisha ukosi. Shingo iliingia. Nosim akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, nami nikajua anajiambia imekwisha.

Nani kati yetu aliyekumbuka mafuta? Glenisi alizijua rangi maisha yake yote, na Nosim alijua bibi harusi anapakwa nini. Lakini hakuna aliyeviweka viwili hivyo mahali pamoja.

Seenoi ndiye aliyeanza. Alijigusa kifuani, akaangalia vidole. "Yeyo," akamwita mama yake, "mbona natoka jasho la buluu?"

Ilikuwa inateremka. Imeyeyuka kwenye mafuta, inashuka kifuani michirizi michirizi, na kule shingoni imesambaa kama mtu aliyekabwa. Shanga zenyewe zilikuwa zinarudi kuwa nyeupe, nyeupe chafu. Mmoja wa mashangazi akaziba mdomo. Nje Metui akakohoa kikohozi kile cha kukumbusha.

"Mna nini humo?" akaita. "Piyaya ni mbali, na jua mnaliona."

"Tunamfunga viatu!" Nanyokie akajibu.

"Ana miguu mingapi huyo binti yenu?"

Nosim alikaa chini. Hakulia. Alikaa tu, kama gunia lililotuliwa, mikono imelala juu ya magoti, kiganja juu. Akasema taratibu, "Nimechoka. Aende hivyo hivyo. Au asiende." Na Glenisi amesimama mlangoni, uso mwekundu, anarudia kwa Kiswahili, "Kosa langu, kosa langu," wala hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza.

Hapo Nanyokie akainua mkono, akavua pambo la sikio lake la kushoto. Ngozi ya zamani hiyo, shanga zimeshika weusi. Akachukua wembe ule ule uliomnyoa Seenoi, akakata uzi. Buluu zikamdondokea kiganjani. Nosim akamshika mkono.

"Sikukuomba, mama."

"Ungeniomba ningekataa," Nanyokie akasema. "Shika, kabla sijaghairi."

Shangazi naye akavua. Jirani akavua. Mmoja alikuwa na buluu iliyoiva sana, mwingine ya maji maji, mwingine zimepasuka nusu. Wengine walizikata huku wanalalamika kwamba mababu zao watawatembelea usiku. Glenisi akachukua kipande cha mafuta na kitambaa, akapiga magoti, akaanza kumsafisha Seenoi shingo, maana mafuta yale yale yaliyoharibu ndiyo yaliyokuwa yanaiondoa rangi. Alifuta polepole, mpaka nyuma ya masikio. Seenoi akamwacha. Mwisho akamwambia, "Usitetemeke, mama, mimi ndiye ninayeolewa."

Alipomaliza kufuta, Glenisi akatafuta sindano. Nosim alikuwa amefumua njia ya zile zetu, amezitupa majivuni. Wanawake wakasogea, wakampa Glenisi nafasi katikati ya Nanyokie na mimi, tukaushika ukosi kama watu wanaokula sinia moja, kila mmoja anashona upande wake. Nanyokie alimpiga Glenisi kofi la mkononi kila alipokosea mpangilio. "Siyo hiyo. Nyeusi nyeusi ikae na nyeusi nyeusi. Huyu kweli alikuwa na jina huko kwao?" Sikutafsiri, lakini nadhani alielewa, maana alicheka puani na akafumua akaanza upya.

Nje Metui alishaacha kukohoa, alikuwa anahutubia. Nanyokie akampelekea kibuyu cha maziwa na maneno makali, akatulia.

Ukosi ulivaliwa mara ya pili. Ile njia haikuwa mbingu tena. Ilikuwa buluu za kila aina zinazofuatana, pengine imepinda kidogo pale aliposhona Glenisi. Nyekundu na chungwa ziliacha kugombana. Metui alipomwona Seenoi anatoka, aliinama akaukagua ukosi kwa karibu, akasema chini chini, "Hii ni ya Nanyokie. Hii… hii si ya marehemu bibi yenu?"  Akageuka, akawaambia watu wake wajipange, na kwa sauti nyingine kabisa akamwita Seenoi "mwanangu."

Seenoi akaenda. Kwao bibi harusi hageuki nyuma, naye hakugeuka. Tuliangalia mgongo wake mpaka vumbi likamla.

Kisha hakuna aliyekuwa na nguvu ya kufanya lolote. Wanawake walikaa pale walipokuwa wamesimama. Nosim akaegemea ua wa boma, Glenisi akakaa kando yake kwenye samadi kavu, na gauni lake zuri, kucha zote buluu.  Nosim masikio yake yalikuwa matupu. Na yeye alikuwa amevua.

Halafu Glenisi akasema, kwa Kiswahili, bila kupitia kwangu:

"Ng'oto Seenoi. Uliniuliza nilikuwa namfanyia nani."

Nosim akafumbua jicho moja.

"Nilikuwa nawafanyia wale. Dorini, Kolini, wale wa kwenye kaseti. Kila picha. Ili wakiniuliza natengeneza nini, niwe na la kusema. Shingo… shingo ya kuvalisha sikuwa nayo hata moja."