Bushi ya Mwisho ya Baba

Mume wangu wanamwita Nyundo, na jina hilo hakupewa bure. Bushi ya kwanza, kile kipete kinene cha shaba kinachokaa kati ya puli na ekseli, aliipasua siku ileile tuliyoanza kuifunga. Alikuwa akiigongea kwenye tundu la puli, gurudumu la chuma linalovutwa na mkanda wa mashine yetu ya kusagia unga, nikamwambia polepole, akanijibu nimwachie kazi yake. Pa! Shaba ikapasuka.

Ikabaki moja. Zote mbili zilikuwa za baba yangu, fundi wa kukereza vyuma, na ndizo kazi zake za mwisho kabla mikono haijaanza kumtetemeka. Siku hizi hata kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Hii nayo ikipasuka, hakuna nyingine itakayotoka mkononi mwake. Kuwaza hilo kuliniuma roho, nikaificha bushi mfukoni mwa aproni.

"Kwani tundu ni dogo?" nilimuuliza Baba, aliyekuwa ameketi mlangoni.

"Si dogo. Nimeibana makusudi. Ikiingia kirahisi itazunguka humo ndani mpaka ilike."

Sasa kitu kilichobanwa hivyo kitaingiaje? Niliondoka na swali langu hadi jikoni, nikakutana na chupa ya jemu iliyotoka kwenye friji, kifuniko kimekaza. Nikakimwagia maji ya moto kama kawaida yangu, kikafunguka. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini. Basi kama chuma kinatanuka kikipata joto, kikipata baridi je?

"Tuigandishe!" nilipiga kelele.

Nyundo alicheka mpaka akashika mbavu, lakini akakubali kwenda kuiweka kwenye friza. Nilipofungua baadaye, niliikuta bushi imelala juu ya samaki, na puli pembeni yake.

"Puli umeiweka ya nini?"

"Si ulisema baridi? Nikaona nisibague."

"Bwana wewe! Bushi isinyae, na tundu nalo lisinyae, si tutakuwa palepale?"

Akakuna kichwa. Tukaitoa puli, tukaiweka juu ya jiko la mkaa mpaka tone la maji likawa linachemka juu yake. Nyundo akanyoosha mkono kuchukua nyundo.

"Weka chini hiyo," nikasema. Niliitoa bushi kwa kitambaa, imeota barafu nyembamba, nikampa Baba.

"Mimi? Kwa mikono hii?"

"Haitaki nguvu, Baba. Nadhani."

Vidole vilitetemeka. Bushi ikagonga ukingo wa tundu, ikagonga tena, nami nikafumba macho. Nilipofumbua, ilikuwa imezama yenyewe mpaka mwisho, hata sauti haikutoa.

Tulingoja vyote viwili virudi kwenye joto la kawaida. Baba akajaribu kuizungusha bushi, haikusogea. Akaing'ang'ania kwa nguvu zake zote, akihema, machozi yakimlengalenga, na bado haikusogea.

Nyundo akainama aichukue puli akaifunge kwenye mashine.

"Iache," Baba akamwambia. "Hii naifunga mwenyewe."