Siku Tatu Ndooni

Alichokiona Biasha kwanza ni vumbi la chaki juu ya maji. Ndoo ilikuwa nyuma ya chumba cha kompyuta, imefunikwa gazeti, na gazeti lenyewe limeteleza upande. Vumbi lilikuwa limetanda vilevile alivyoliona juzi alipokuwa anafagia, halijasogea wala kukatika. Maana yake maji yale hayajaguswa na mtu tangu yamiminwe. Chini yake vilitulia vipande vyeupe vilivyokatwa vizuri, kama mihogo inayosubiri kukaangwa.

Ndiga, vile viazi vya porini. Alizijua hata kabla hajainama.

Biasha alikuwa na miaka ishirini na moja, na huu ulikuwa mwaka wa pili anafanya usafi katika sekondari ile ya Nachingwea. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walimwita dada Biasha, wakamsalimia huku wanapita, kwa sababu jibu lake lilikuwa dogo na lilichelewa. Shule aliiachia darasa la nne kule Marambo, mwaka ule mvua za Elinino zilipoozesha mahindi. Lakini kusoma alijua, polepole, midomo ikicheza. Kila asubuhi alipofuta vioo vya kompyuta alisoma walichokiacha wanafunzi.

Walikuwa na ukurasa wa pamoja. Kidato cha kwanza cha Nachingwea na wenzao wa Ruangwa waliandika mahali pamoja kwenye mtandao. Ukiandika Nachingwea, Ruangwa wanakuona. Wakifuta Ruangwa, Nachingwea hamna kitu. Muhula ule waliandika juu ya vyakula vya porini, na walimu wao walikuwa wameweka sharti moja: kila sentensi imalizike na jina la mtu aliyeieleza. Ijumaa hii, saa nne, kila shule ingepika ndiga kama ukurasa unavyosema, wanafunzi wazile, wapige picha, waiweke palepale.

Na leo ndiyo ilikuwa Ijumaa.

Biasha akaingia ndani. Kompyuta moja ilikuwa imewashwa. Akafuta kioo, akasoma.

"Ndiga humenywa na kukatwa vipande vyembamba (Mzee Saturnini, Kiegei)." Sawa. "Ndiga mbichi ni sumu, hata mbuzi haili (Bibi Lusiana, Mtua)." Sawa. "Vipande hulowekwa ndooni kwa siku tatu, kisha hupikwa."

Mwisho wa sentensi ile hapakuwa na jina.

Alikumbuka ilivyozaliwa. Wiki mbili alikuwa akipiga deki huku watoto wanagombana na watu wasiowaona. Ruangwa walishikilia siku tatu, lakini mtoni, penye maji yanayotembea, na baada ya hapo juani siku mbili. Nachingwea walishikilia ndoo, lakini siku saba, maji yakimwagwa asubuhi na jioni. Hawa wakafuta, wale wakarudisha. Mwishowe mwalimu wao wa hapa, Amedeus, akasema ukurasa mmoja hauwezi kuwa na kauli mbili, wapatane. Wakapatana. Ruangwa wakaachia mto, Nachingwea wakaachia siku. Wakapiga makofi. Hakuna mzee hata mmoja, huku wala kule, aliyewahi kusema hivyo.

Akatoka nje, akaishika ndoo, akaimwaga yote kwenye shimo la taka, kisha akasukumia majivu juu. Kwa mtu kama yeye hiyo ndiyo ilikuwa njia nzuri: hakuna kuongea, hakuna kuulizwa.

Alikuwa anaisuuza ndoo alipokumbuka Ruangwa. Kule nako ipo ndoo.

"Dada Biasha!" Gabrieli, yule mvulana mcheshi wa kidato cha kwanza, alikuwa amesimama pembeni na kuni mkononi. "Ndiga zetu ziko wapi?"

"Nimemwaga."

"Ameongea," Gabrieli akawaambia wenzake waliokuwa wanakuja nyuma yake. "Ndiga hatuna, lakini dada kaongea. Leo mvua itanyesha."

Walicheka, kisha wakaona shimo, kicheko kikakatika. Winfrida, msichana aliyekuwa mkuu wa kundi lao, akamfuata karibu. "Dada, tumeshinda porini Jumamosi nzima tunachimba zile. Kwa nini?"

"Sumu haijatoka."

"Zimekaa siku tatu, tangu Jumanne."

"Ndiyo hivyo."

Winfrida akaenda kumwita mwalimu.

Mwalimu Amedeus hakuwa mtu wa kufoka. Alimsimamisha Biasha mlangoni mwa chumba cha kompyuta, mbele ya watoto thelathini, akauliza taratibu, na utaratibu ule ulikuwa mbaya kuliko kufokewa. "Binti, nani amekutuma?"

"Hakuna, mwalimu."

"Imeandikwa na shule mbili. Imekubaliwa. Wewe umeona nini ambacho wote hatukukiona?"

Biasha alitazama miguu yake. "Haina jina," alisema.

"Sikusikii."

"Hiyo sentensi, mwalimu. Nyingine zote zina majina. Hiyo haina."

Mwalimu akainama kwenye kioo. Alisoma mara moja, akarudia. Watoto walimwona akipangusa jasho juu ya mdomo. Akatoa simu yake, akampigia mwalimu mwenzake wa Ruangwa. Sauti ya mwanamke ikamjibu kwamba namba haipatikani. Akapiga tena, ikawa yuleyule mwanamke. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika arobaini.

"Winfrida, badilisha," alisema. "Andika siku saba, maji yabadilishwe. Andika wasipike."

Winfrida akaandika haraka. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, sentensi mpya ikakaa. Biasha alianza kupumua. Baada ya dakika mbili sentensi ikatoweka, ile ya siku tatu ikarudi. Chini, mahali pa maoni, palitokea maneno ya Filbert, ambaye kule Ruangwa ndiye aliyekaa kwenye kompyuta.

"Nachingwea acheni hila. Zenu zimewashinda mnatutisha sisi. Zetu ziko jikoni zinachemka."

"Huyu Filbert ana kichwa kigumu," alisema Gabrieli, lakini safari hii hakucheka mtu.

Mwalimu akakaa mwenyewe. Aliandika jina lake na cheo chake, akaandika kwamba ni hatari, mwalimu wao aitwe sasa hivi. Kiduara kikazunguka. Jibu likaja.

"Mwalimu yupo hapa nyuma yangu. Anauliza, kauli hiyo ni ya nani na amejuaje. Si mlisema wenyewe kila kitu kiwe na jina? Saa nne tunapakua."

Mwalimu Amedeus akageuka. Watoto wote wakageuka naye. Biasha alikuwa bado mlangoni, kitambaa cha kufutia mkononi.

"Umesikia," mwalimu alisema, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine. "Wanataka mtu. Mimi sijui, nilikulia mjini. Wewe unajua. Umejuaje?"

Mambo mengi maishani aliyapitia kwa kukaa kimya, yakapita yenyewe, na alikuwa amejizoesha hivyo. Saa ya ukutani ikasogea. Aliona sufuria asiyoijua, katika jiko asilolijua, na watoto wenye sare kama hizi wamepanga foleni na sahani.

"Niliona mtoto," alisema.

"Sema, dada," Winfrida alinong'ona, vidole viko tayari. "Mimi naandika."

"Mdogo wangu. Saburi. Mwaka wa njaa ya Elinino, alikuwa na miaka minne. Alikula ndiga zilizokaa ndooni siku tano, siyo tatu. Jioni akaanza kujikaza mwili, macho yakageuka. Watu wakasema degedege. Hakufika asubuhi."

Winfrida aliandika neno kwa neno, na mwisho akaweka mabano: Biasha, Marambo. Akabofya. Kiduara kikazunguka. Mtu mmoja nyuma alikuwa anakwaruza dawati kwa ukucha, mwenzake akamshika mkono. Dakika mbili, tatu. Dakika ya nne ikaanza. Mwalimu alikuwa ameweka simu sikioni tena na hakuna aliyemsikia akiongea.

Maneno yakatokea.

"Sufuria tumeshusha. Mwalimu amemwaga zote. Mwenzetu Josephina alikuwa ameonja kipande, kakitema, ni kichungu, amepelekwa zahanati na anatembea mwenyewe." Kisha, baada ya muda, "Pole dada."

Darasa zima likaachia pumzi. Gabrieli akakaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Winfrida alikuwa anafuta macho kwa kola ya shati. Mwalimu Amedeus akamsogelea Biasha, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale akamwangalia usoni kama mtu anayezungumza na mtu mzima.

"Pole sana, Biasha. Sikujua." Akatikisa kichwa. "Njaa ile ilikuwa mbaya. Mama yako naye afanyeje? Mtoto analia, mama anaharakisha. Hatuwezi kumlaumu."

Watoto wakaitikia kwa kichwa. Ilikuwa imekwisha. Angeweza kuchukua kitambaa chake akaendelea na vioo vilivyobaki, na wangemwacha.

Aliutazama ukurasa. Ulikuwa umekaa pale, wazi, na wa Ruangwa wanausoma. Jina lake limo, Marambo imo, na mama yake, ambaye mpaka leo hula kidogo na huacha kidogo sahanini bila kusema ni cha nani, alikuwa amekwisha kuhukumiwa na kusamehewa kwa kosa lisilo lake.

"Winfrida," alisema. "Ongeza."

"Naam, dada."

Sauti ilitoka ndogo, lakini kila mtu aliisikia.

"Mama alisema siku saba. Aliniachia ndoo akaenda kutafuta chakula, akaniambia nisiiguse. Mimi ndiye niliyezitoa siku ya tano nikazichemsha. Nilikuwa na njaa. Nikampa Saburi kwanza, nione kama zinalika."